Bilioni za manispaa Mtwara: mpinzani anadai, mgombea umeya anajibu, wewe upime vipi?

Kila unapofika wakati wa kumpata meya wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, maneno ni yaleyale. Upande mmoja unasema fedha zimeliwa. Upande wa pili, yaani mgombea ambaye mara nyingi alikuwemo kwenye baraza lililopita, anasema fedha zimefanya kazi na anayebisha aende akaangalie. Wananchi tunabaki katikati, kila mtu akimwamini wa chama chake au wa kata yake. Naandika ulinganisho huu kwa sababu tuhuma za fedha zinapimika, majibu yake pia yanapimika, na karatasi za kupimia zipo.

Msimamo wangu niuweke mapema: wa kuaminiwa ni yule anayetaja ni fedha ipi, ya mwaka upi, imeandikwa kwenye safu ipi ya taarifa. Awe mpinzani, awe mgombea. Anayetaja bilioni tupu bado hajasema kitu.

Mkono wa meya unafika wapi

Meya kwetu hapigiwi kura na wananchi wote. Tunamchagua diwani wa kata, kisha madiwani wanamchagua meya kutoka miongoni mwao. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Mkurugenzi wa manispaa huteuliwa na Rais, na huyo ndiye afisa masuuli: malipo yakifanyika kinyume cha utaratibu, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Zabuni nazo zina bodi yake ambayo diwani hayumo, na tangu mwaka 2023 zinapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma.

Kwa hiyo mpinzani akipanda jukwaani akasema "meya alijilipa", anadaiwa maelezo. Alijilipa kwa njia gani, wakati si yeye anayeidhinisha malipo? Na mgombea akijibu "mimi nilijenga zahanati", naye anadaiwa maelezo: kwa fedha ya nani?

Ila pana jibu moja ambalo kwangu halipiti kabisa, nalo ni "hayo muulizeni mkurugenzi". Meya ni mwenyekiti wa baraza na wa kamati ya fedha, na kamati hiyo hukutana kila mwezi kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Bajeti haitoki bila baraza kuipitisha. Mtu aliyekalia kiti hicho, au aliyekuwa mjumbe wa kamati hiyo, alikuwa na makabrasha mbele yake mwezi baada ya mwezi. Akisema hakujua, amekwishajieleza.

Fedha za gesi, korosho na barabara

Mpinzani husema: Mtwara ina gesi, ina korosho, ina kiwanda cha saruji, ina bandari, mbona manispaa haina hela? Mgombea hujibu: fedha hizo si zetu.

Hapa mgombea mara nyingi yuko sahihi, na ni vyema tukubali hata kama tunauma meno. Wilaya ya Mtwara ina halmashauri tatu: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara na Halmashauri ya Mji Nanyamba. Visima vya Mnazi Bay na mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba viko upande wa Halmashauri ya Wilaya, na kiwanda cha Dangote kiko huko huko. Ushuru wa huduma, yaani ule ambao kampuni huilipa halmashauri kutokana na mauzo yake, unaotokana na shughuli hizo hauingii kwenye kapu la manispaa kwa sababu tu jina ni Mtwara. Ushuru wa korosho, ambao tangu 2017 ni asilimia 3, unakwenda kwenye halmashauri ambako zao limelimwa. Korosho ya Tandahimba ikilala kwenye ghala la mjini ikisubiri meli, ushuru wake ni wa Tandahimba.

Vivyo hivyo kwa mashimo ya barabarani. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo. Bomba likipasuka Shangani au Chikongola, bajeti ya kuliziba ni ya mamlaka ya maji. Anayejumlisha vyote hivi kisha akasema "manispaa imekula" anatupotosha, hata kama hasira yake ni ya haki. Na hasira ya watu wa huku kuhusu gesi ina sababu zake. Mwaka 2013 watu walipoteza maisha katika mji huu kwenye vurugu za kupinga bomba la gesi. Ndiyo maana si jambo la kulichezea kwa hesabu za uongo.

Hata hivyo, "si fedha zetu" ni nusu ya jibu. Mgombea makini huendelea: je, baraza lilimwita meneja wa TARURA likamuuliza kuhusu barabara fulani? Lilidai ushuru wa huduma kwa kampuni zinazofanya kazi ndani ya mipaka ya manispaa yenyewe, bandarini, mahotelini, kwenye maghala? Lilikusanya ushuru wa masoko, leseni na vibanda kama ilivyopaswa? Anayeishia kusema mali iko kwa jirani ametuambia ukweli ambao haumsaidii mtu yeyote.

Safu tatu za taarifa

Ugomvi mwingi wa bilioni ungekwisha kama pande mbili zingekubali kusoma taarifa moja ya robo mwaka kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na kila baada ya miezi mitatu huandaliwa taarifa ya utekelezaji. Ukiishika mkononi utaona jina la mradi, kisha bajeti iliyoidhinishwa, kisha fedha iliyopokelewa, kisha fedha iliyotumika, na pembeni kuna asilimia na maelezo mafupi kama "mradi unaendelea".

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Ukarabati wa soko umetengewa bilioni 2. Hadi mwaka unakwisha zimepokelewa milioni 700, na zilizotumika ni milioni 650. Mpinzani anasoma safu ya kwanza, anakwenda sokoni, anakuta msingi na nguzo, anatangaza kwamba bilioni 2 zimeliwa. Mgombea anasoma safu mbili za mwisho, anatangaza kwamba fedha iliyopokelewa imetumika kwa zaidi ya asilimia 90. Wote wawili wametaja tarakimu zilizomo kwenye karatasi moja. Mkulima wa korosho hahitaji kufafanuliwa sana hapa: kilo alizotarajia shambani, kilo zilizopimwa ghalani, na fedha iliyoingia akaunti yake baada ya mnada na makato ni mambo matatu mbalimbali, na hakuna anayeyachanganya.

Sasa, baada ya kusawazisha hivyo, maswali yenyewe ndiyo yanaanza. La mpinzani aliyejiandaa ni hili: kwa milioni 650, kazi inayoonekana pale inalingana na malipo? Mkataba una mchanganuo wa kazi na bei zake. Nondo, saruji, kokoto, siku za fundi, vyote vimeandikwa. Mhandisi yeyote akiangalia nguzo na mchanganuo atakuambia kama kuna pengo. La pili ni kwa nini bilioni 1.3 hazikupatikana. Zilikuwa za Serikali Kuu zikachelewa, au zilikuwa za mapato ya ndani, yaani yale ambayo manispaa inakusanya yenyewe, na baraza lilikisia makusanyo ambayo haliwezi kuyafikia?

Makisio ya juu yana madhara ambayo hayasemwi sana. Baraza likipitisha bajeti ya kujifurahisha, miradi mingi inaanzishwa kwa wakati mmoja, kila mmoja unapata kidogo, na hakuna unaokamilika. Hakuna mtu aliyeiba hata shilingi, lakini mvua za masika zinaozesha mbao na kutu inakula nondo. Mgombea anayesema "tulianzisha miradi mingi" na mgombea anayesema "tulianzisha michache tukaimaliza" hawafanani, nami wa pili nitampa sikio zaidi hata kama orodha yake ni fupi.

Nikiwa kwenye mkutano mmoja wa mtaa nilimsikia mama muuza samaki akimuuliza mzungumzaji, "Mheshimiwa, ukisema imepokelewa, ina maana imefika benki au imeandikwa tu?" Mzungumzaji alicheka kidogo kisha akahamia hoja nyingine. Lile swali lilistahili kujibiwa, kwa sababu lina jina lake kwenye ukaguzi: fedha mbichi. Mashine ya POS, ile ya kukusanyia mapato, inatoa risiti, kiasi kinaingia kwenye mfumo, lakini fedha taslimu inatumika kabla ya kupelekwa benki, au haipelekwi kabisa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimekuwa zikiitaja hali hii kwenye halmashauri mbalimbali nchini mwaka baada ya mwaka. Mgombea akiulizwa kuhusu makusanyo ya POS na benki, akajibu kwa kulinganisha jumla hizo mbili, huyo anaijua kazi. Akijibu kwa kusema mashine zimenunuliwa nyingi, amelikwepa swali.

Mikopo ya asilimia 10

Kwenye eneo hili ningependa msomaji asimame zaidi, maana linagusa watu moja kwa moja na ndipo uongo wa pande zote mbili unapopenya kirahisi.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, baada ya kurekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu utengenezwe upya, kwa sababu vikundi hewa na madeni yasiyorudi vilikuwa vimezidi. Ilirejea mwaka 2024. Halmashauri kumi zilichaguliwa kuanza kwa majaribio ya kupitisha mikopo benki, na kwa mkoa wetu ilikuwa Mji wa Newala. Nyingine ziliendelea kukopesha zenyewe kwa kanuni mpya.

Mpinzani anadai: mwaka mzima wa fedha hakuna kikundi hata kimoja cha bodaboda wala mama lishe kilichopata mkopo, fedha zilikwenda wapi? Mgombea anajibu: Serikali ilisimamisha. Kwa mwaka 2023/24 jibu hilo ni la kweli, na mpinzani anayejifanya hajui anatuchezea. Lakini linafungua swali kubwa kuliko lile la kwanza. Kilichosimama ni kukopesha. Waliokuwa wamekopa kabla ya hapo bado walikuwa na deni la kurejesha. Kwa hiyo mgombea aeleze marejesho ya kipindi kile yalikuwa kiasi gani na yalikaa akaunti ipi, kisha mikopo iliporudi yaliongezwa kwenye mzunguko au yalikwishachotwa kwa shughuli nyingine.

Kuna ubishi mwingine wa asilimia 10 ya nini. Tuseme, tena kwa mfano tu, manispaa imekusanya bilioni 6 za ndani, na kati ya hizo bilioni 1 ni mapato lindwa, yaani fedha zenye kazi maalumu kama michango ya huduma za afya vituoni. Mpinzani atakokotoa asilimia 10 ya bilioni 6 apate milioni 600. Mgombea atakokotoa kwa bilioni 5 apate milioni 500. Tofauti ya milioni 100 inaitwa wizi jukwaani, kumbe ni hesabu iliyoanzia mahali tofauti, na mahali sahihi pa kuanzia ni baada ya kutoa mapato lindwa. Kwa milioni hizo 500, wanawake wapate 200, vijana 200, wenye ulemavu 100. Hapo sasa ulizia kila kundi. Mara nyingi fungu la watu wenye ulemavu ndilo halifikii walengwa, na sababu inayotolewa ni kwamba hawakuomba. Mgombea anayekubali sababu hiyo bila kueleza alifanya nini kuwafikia, mimi sitamtetea.

Orodha ya vikundi ndiyo karatasi ya kudai kuliko zote. Jina la kikundi, mtaa, kiasi, tarehe, na marejesho hadi sasa. Wajumbe wa kikundi cha Magomeni wanafahamika Magomeni. Wakazi wakisoma orodha wataona kama kikundi kipo au kimetungwa. Mgombea aliyesema "tumekopesha vikundi vingi" akikataa orodha isibandikwe ofisi ya kata, tuhuma ya mpinzani inapata nguvu hata kama mpinzani mwenyewe hakuleta ushahidi.

"Tuna hati safi" na "CAG kasema"

Pande zote mbili hupenda kumtaja CAG, na mara nyingi wanasoma kitabu kimoja. Mgombea anashika neno "hati inayoridhisha" na kulitangaza kama cheti cha uaminifu. Mpinzani anashika aya moja yenye hoja, yaani kasoro aliyoiandika mkaguzi, na kuitangaza kama hukumu.

Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi kwa mambo yaliyo ya msingi. Halmashauri inaweza kupata hati hiyo na bado ikawa na hoja nyingi: malipo yasiyo na nyaraka kamili, mikopo isiyorejeshwa, mradi uliochelewa. Kwa upande mwingine, hoja si hukumu. Hoja inaweza kufungwa baada ya nyaraka kupatikana. Kwa hiyo ukisikia mgombea anajivunia hati, muulize hoja zilizobaki wazi ni zipi na za tangu lini. Ukisikia mpinzani anataja hoja, muulize kama imekwishafungwa.

Ripoti kuu za CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na huwekwa hadharani baada ya kufikishwa bungeni, kwa kawaida Aprili. Ya serikali za mitaa ina kitabu chake. Halmashauri nazo huitisha baraza la kujadili hoja zake, na mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza.

Madarasa na posho

Kuhusu madarasa nitasema kidogo. Fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zile trilioni 1.3 za mwaka 2021, zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Mgombea anayeorodhesha madarasa yaliyotokana na fedha hizo kana kwamba ni juhudi zake anajipatia sifa isiyo yake. La haki kwake ni kusema baraza lilisimamia vipi, ubora ukoje na madawati yalitoka wapi.

Posho na safari za madiwani ndizo hupigiwa makofi zaidi mikutanoni, na kwa jumla ya bajeti mara nyingi ni fungu dogo. Lakini zinatoka kwenye mapato ya ndani, kapu lilelile linalokopesha vikundi na kumalizia zahanati, kwa hiyo mpinzani ana haki ya kuuliza. Jibu linalonitosha ni kiasi, idadi ya vikao na kilichoamuliwa. "Ziko kisheria" hainitoshi.

Ningemchagua nani

Akija mpinzani akasema, "Katika robo ya tatu, mradi huu ulipokea kiasi hiki, mkandarasi alilipwa hiki, na mimi nimekuta kazi imefikia hapa," nitamsikiliza hadi mwisho hata kama simpendi. Akija mgombea akasema, "Hapo ni kweli tulikisia zaidi ya uwezo, hapa si fedha yetu, na hapa hoja ya mkaguzi bado iko wazi kwa sababu hii," nitamwombea kura kwa diwani wangu. Mgombea anayejibu tuhuma zote kwa neno moja, "siasa", hanifai, wala mpinzani ambaye tuhuma zake zote zinaishia kwenye neno "wamekula".

Kati ya wagombea wawili wenye majibu yanayokaribiana, kipimo changu cha mwisho ni kumbukumbu za vikao. Muhtasari wa kamati ya fedha na wa baraza unaonyesha nani aliuliza nini. Kama bwana huyu au mama huyu alikaa miaka mitano bila swali lake kuandikwa hata mara moja kuhusu mapato, mikopo au mradi wa kata yake, ahadi ya kuwa mkali akiwa meya haina msingi.

Kama ofisi itasita kukupa karatasi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa nguvu ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, taja mradi mmoja na mwaka mmoja wa fedha, omba bajeti, mapokezi na matumizi yake, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Mpelekee diwani wako nakala hiyo kabla baraza halijakaa kumchagua meya, maana kwenye uchaguzi huo yeye ndiye mwenye kura, si wewe.